Pakeji Iliyo Tayari na Msimbo wa Kukompaili

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwa fundi wa Kona ya Musa, hapa Ukunda, ni zile zinazoitwa ex-UK: laptopu zilizotumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, zikaingia nchini kwa kontena, zikavushwa feri ya Likoni na kuuzwa huku kusini kwa bei ambayo mwalimu au mwanafunzi anaweza kuimudu. Bado zina nguvu ya kuandikia barua, kupigia hesabu za duka na kujifunzia programu. Kinachozishinda ni Windows. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa prosesa nyingi za zamani. Kwa hiyo fundi anafuta diski, anaweka Linux, na mashine inarudi kazini.

Hapo mteja anauliza swali la haki kabisa: "Fundi, nikitaka programu nyingine naitoa wapi?"

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kusakinisha pakeji ambayo wengine wamekwisha kuitayarisha. Ya pili ni kuchukua msimbo wa programu kama ulivyoandikwa na kuukompaili mwenyewe kwenye mashine yako. Msimamo wangu nausema mapema: kwa kazi ya kila siku chukua pakeji, wala usione haya. Lakini katika kila mji, hata mdogo kama wetu, lazima wawepo watu wanaojua kukompaili, kwa sababu kuna mambo yetu ambayo hakuna mtu wa mbali atakayetutayarishia.

Tuanze na pakeji. Programu huandikwa kwa lugha ambayo binadamu huisoma, mfano C au Rust, nayo prosesa haiielewi. Kompaila huigeuza kuwa maagizo ya mashine. Kazi hiyo ikishafanywa mara moja kwa aina fulani ya prosesa, matokeo yake yanaweza kufungwa pamoja na maelezo: jina la programu, toleo, orodha ya maktaba inazozitegemea, na mahali kila faili linapokwenda. Huo ndio mfuko wa `.deb` kwa watu wa Debian na Ubuntu, au `.rpm` kwa watu wa Fedora na Red Hat. Anayeezeka banda la hoteli Diani haanzi kwa kukwea minazi. Huletewa makuti yaliyokwisha kusukwa, yeye akayapanga na kuyafunga. Pakeji ni kazi ya aina hiyo, na heshima yake ni ileile.

Ukiandika `sudo apt install gimp`, mambo mengi hupita haraka usiyaone. Apt husoma orodha ya ghala la pakeji, huangalia GIMP inahitaji maktaba zipi, huzitafuta ambazo huna, hukuonyesha ukubwa wa mzigo kabla ya kuushusha, hukagua sahihi ya kidijitali ili kujua mzigo umetoka kwa wenyewe, kisha dpkg hufungua kila mfuko na kuandika katika daftari lake kila faili lilipowekwa. Siku ukiichoka programu, `sudo apt remove` husoma daftari hilo na kuondoa kilichowekwa. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na apt iliingia rasmi katika toleo la 2.1 mwaka 1999. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina karibu pakeji 70,000. Nyuma ya kila moja yupo mtu au kikundi kinachoitunza, wengi wao wakijitolea. Sijui kazi nyingine ya kujitolea yenye ukubwa huo inayomfikia mtu wa Msambweni bila kumdai hata senti.

Njia ya pili ina hatua zinazojulikana. Unashusha msimbo, mara nyingi faili linaloishia kwa `.tar.gz` au `.tar.xz`, unalifungua, unaingia ndani ya folda. Unaandika `./configure`, nayo hupima mashine yako: kompaila ipo? Maktaba zipo? Kisha `make`, ambayo ndiyo hukompaili. Mwisho `sudo make install`, ambayo hupeleka matokeo chini ya `/usr/local`. Programu za siku hizi hutumia zana nyingine, CMake au Meson, lakini mpangilio ni uleule.

Wanafunzi wengi hukwama katika hatua ya kwanza. Skrini inasema `zlib.h: No such file or directory`, na kijana anaapa kwamba zlib anayo. Kweli anayo. Programu zake nyingine zinaitumia hata sasa. Asichokuwa nacho ni faili za vichwa ambazo kompaila inazisoma, na Debian huziweka katika pakeji nyingine, `zlib1g-dev`. Pakeji ya kutumia na pakeji ya kujengea zimetenganishwa ili mtumiaji wa kawaida asibebeshwe mzigo wa mjenzi. Ukilielewa hilo, nusu ya makosa ya kukompaili yanaisha. Tena ipo amri inayoleta mahitaji yote kwa mkupuo: `sudo apt build-dep`, ikifuatwa na jina la programu, ilimradi umewasha mstari wa msimbo katika orodha ya maghala yako.

Vitabu vilivyoandikwa mahali ambapo stima haipotei havitaji jambo linalofuata. Kukompaili programu kubwa kwenye laptopu ya kori mbili huchukua saa nyingi, na betri ya ex-UK mara nyingi haishiki chaji. Stima ikikatika katikati, je, kazi yote imepotea? Hapana. Programu ya `make`, iliyoandikwa na Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976, hulinganisha tarehe za faili: kama msimbo ni mpya kuliko kilichokompailiwa, hukompaili tena, kama sivyo, hupita. Washa mashine, andika `make`, itaendelea ilipoachia. Faili lililokuwa likiandikwa stima ilipokatika huenda likawa limeharibika. Lifute hilo peke yake.

Isipokuwa kama betri ndogo ya saa imekufa. Hii ni ile ya mviringo iliyo kwenye ubao wa mashine, kwa kompyuta za mezani kwa kawaida CR2032. Ikifa, kila stima inapokatika kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Faili za jana zinaonekana ni za kesho, `make` inaonya `Clock skew detected`, na kila kinachokompailiwa sasa kinapata tarehe ya zamani kuliko msimbo wake, kwa hiyo ukiamuru tena kitakompailiwa tena, na tena. Anayetumia pakeji naye haponi: apt hukataa kabisa, ikisema faili la `Release` halijaanza kuwa halali, kwa sababu kwa saa ya mashine ghala limetiwa sahihi siku ambayo haijafika. Nimeona watu wakibadilisha diski na kuweka Linux upya kwa tatizo hilo. Badilisha betri, au angalau rekebisha saa, kabla ya kulaumu programu. Na stima ikikatika katikati ya kusakinisha pakeji, dawa yake ni `sudo dpkg --configure -a`, ambayo humalizia mifuko iliyoachwa wazi.

Gharama nyingine ni bando. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali mno. Ndiyo maana sidii za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta hadi mwaka 2011 zilipendwa sana. Sasa kasi ipo, lakini mtu wa kijijini bado anahesabu megabaiti. Msimbo wenyewe mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachokula bando ni kompaila na pakeji zote za `-dev`. Snap na Flatpak, ambazo hubeba maktaba zao ndani, huweza kuvuta mamia ya megabaiti kwa programu moja ndogo, na kwa sababu hiyo siwashauri watu wa huku waanze nazo.

Kwa shule yenye maabara ya kompyuta, apt ina faida ambayo haitumiki inavyostahili. Weka `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja, zielekeze nyingine zote kwake kupitia mlango namba 3142, na pakeji ikishushwa na mashine ya kwanza, zinazofuata zinaichukua humohumo chumbani. Mzigo wa mashine ishirini unalipiwa mara moja. Mahali pasipo na mtandao kabisa, faili za `.deb` zilizoshushwa mjini kwa `apt-get` hukaa katika `/var/cache/apt/archives`. Zinanakiliwa kwenye flashi, zinapandishwa boda, zinasakinishwa. Na pale unapoweza kuchagua, chagua ghala lililo nchini. KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu vyetu, hutunza nakala. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwa Afrika na Afrika Mashariki yote ikasota kwa intaneti ya kukwamakwama. Mashine inayovuta pakeji kutoka ghala la ndani haihitaji kuvuka bahari.

Kwa nini basi mtu ajitese kukompaili?

Kwa sababu anayetayarisha pakeji hukisia una mashine ya namna gani, na ukisio huo si mara zote unatulenga sisi. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2018, maktaba ya akili mnemba ya TensorFlow iliyo tayari inadai maagizo ya prosesa yaitwayo AVX, ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2011, tena si katika chipu zote za bei nafuu. Hifadhidata ya MongoDB ilifanya vivyo hivyo tangu toleo la 5.0. Mwanafunzi anayejifunza akili mnemba kwa laptopu ya zamani anaona maneno `Illegal instruction`, programu inakufa, na anadhani yeye ndiye aliyekosea. Msimbo ukikompailiwa kwenye mashine yake, kwa prosesa yake, kikwazo cha AVX kinaondoka, ijapokuwa TensorFlow ni mzigo mzito sana kwa mashine ya aina hiyo, na heri ikompailiwe kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi ikilengwa kwa prosesa yake. Debian 13 nayo haitoi tena keneli (kiini cha Linux) wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za aina ya i386. Uamuzi huo una sababu zake, nami naukubali, lakini ni vizuri tujue kwamba mwenye mashine kuukuu ndiye wa kwanza kuachwa na pakeji.

Sababu ya pili ni draiva. Kijiti cha Wi-Fi cha bei nafuu kinachouzwa madukani mara nyingi kina chipu ya Realtek, na baadhi ya chipu hizo hazimo katika keneli uliyo nayo. Draiva yake hukompailiwa dhidi ya keneli ileile inayotumika. Mtu anaikompaili, Wi-Fi inashika, anafurahi. Baadaye apt inaleta keneli mpya, mashine inazimwa na kuwashwa, na Wi-Fi haipo, kwa sababu draiva ilifungwa na keneli ya zamani. DKMS iliundwa kwa ajili ya hali hii: huhifadhi msimbo wa draiva na kuukompaili upya yenyewe kila keneli mpya inapoingia. Ukiweka draiva kwa mkono bila DKMS, umemwachia mteja tatizo la mwezi ujao.

Wanasayansi, kwa upande wao, wana sababu ya kubaki na pakeji. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walisoma jenomu za virusi vya korona kutoka kaunti 6 za Pwani, Kwale ikiwemo, wakifuata utaratibu wa mradi wa ARTIC. Programu za kuchambulia data ya namna hiyo ni nyingi na kila moja ina masharti yake ya matoleo. ARTIC huzigawa kupitia conda, mfumo wa pakeji zilizo tayari ambao mtu huusakinisha ndani ya akaunti yake bila ruhusa ya mwenye seva. Maabara mbili zilizo mbali zikitumia matoleo yaleyale, majibu yao yanaweza kulinganishwa. Hapo pakeji inashinda kwa sababu ya ukweli wa kisayansi zaidi kuliko urahisi wake.

Lakini sababu ya kukompaili inayonigusa zaidi ni Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: ofisi nzima ya kuandikia, kupigia hesabu na kutayarishia maonyesho, menyu zake kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Hawakumwomba mtu ruhusa wala hawakungoja soko letu lionekane kubwa. Walitafsiri, tafsiri zikaingizwa ndani ya msimbo, programu ikakompailiwa, na OpenOffice ya wakati ule ilikuwa miongoni mwa programu nzito kabisa kukompaili. Kisha wakaitoa ikiwa tayari, kwa Linux na kwa Windows, ili karani asiyejua kompaila ni nini aisakinishe na kuanza kuandika. Njia zote mbili zimo katika kazi ile moja: watu wachache walikompaili ili wengi wasihitaji kukompaili. Leo ukiandika `sudo apt install hunspell-sw` kwenye Debian unapata kikagua tahajia cha Kiswahili, kimekwisha kufungwa kwenye pakeji.

Wapo pia wanaokompaili Kiswahili bila kujua. Fungua `/etc/locale.gen` kwenye Debian, tafuta mstari wa `sw_KE UTF-8`, ondoa alama ya `#` mbele yake, kisha andika `sudo locale-gen`. Pakeji ya `locales` huja na maelezo ya lugha yakiwa maandishi ya kusomeka, katika `/usr/share/i18n/locales/sw_KE`: majina ya siku, ya miezi, namna ya kuandika fedha. Amri hiyo huyakompaili palepale kwenye mashine yako. Sasa jaribu `LC_TIME=sw_KE date`, na tarehe inatoka kwa Kiswahili cha Kenya. Ukiona kosa katika faili lile, unaweza kulisahihisha na kulikompaili tena kwa muda mfupi sana. Sijui zoezi bora kuliko hilo kwa mtu anayeanza.

Wapo wanaosema kukompaili ni salama zaidi kwa kuwa unajua ulichoweka. Historia ina ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 2006 mtunza pakeji wa Debian aliondoa mistari michache katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kwa nia njema, akazuia bila kujua chanzo cha namba za nasibu. Ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008, ilibainika kwamba funguo zilizotengenezwa kwa pakeji ile, za Debian na Ubuntu, zilikuwa na uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Mtu angeweza kuzijaribu zote. Aliyekuwa amekompaili OpenSSL kutoka msimbo wa asili hakuguswa.

Kisha ikaja xz. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na msanidi wa PostgreSQL, alieleza hadharani kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu hiyo ya kubana faili yalikuwa na mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa ssh kulikuwa kukichelewa kwa nusu sekunde hivi, naye hakukubali kupuuza. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga uaminifu katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Hila yake iliwekwa katika faili la msimbo lililotolewa kwa umma: hati iliyoiamsha ilikuwa ndani ya faili lile la kushusha, na haikuwamo katika hazina ya git ambayo watu huisoma. Anayeshusha `.tar.xz` na kuandika `./configure` na `make` alikuwa akishusha faili lilelile. Debian 12, yenye toleo la zamani la xz, ilikuwa salama.

Kwa hiyo usalama unategemea nani anaangalia, na nani atakuletea marekebisho. Duka la Ukunda au zahanati ya kijijini haina mtu wa kusoma matangazo ya usalama kila wiki. Programu ya pakeji hurekebishwa ukiandika `sudo apt update` na `sudo apt upgrade`. Uliyoikompaili mwenyewe itabaki vilevile hadi utakapoikumbuka, na ukiwa fundi, wateja wako hawatakukumbusha, kwa kuwa hawajui kama ipo. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuanza na pakeji.

Ukilazimika kukompaili, fanya kwa adabu. Andika mahali, kwa toleo na tarehe, kile ulichoweka. Usikiweke juu ya faili za mfumo chini ya `/usr`. Hizo ni za dpkg. Bora zaidi, vuta msimbo wa Debian wenyewe kwa `apt source`, ubadilishe unachotaka, kisha ujenge mfuko wako wa `.deb` kwa `dpkg-buildpackage`. Hapo umekompaili na bado daftari la dpkg linajua kila faili lilipo, na jirani mwenye mashine kama yako anaweza kuuchukua mfuko huo kwa flashi.

Kwale haikosi vijana wanaosoma kompyuta, na wengi wataishia kutumia tu kilicho tayari, jambo ambalo halina ubaya. Ombi langu ni kwa wale wachache wenye hamu ya kwenda mbele. Chagua programu huria moja unayoitumia kila siku. Tafuta faili lake la tafsiri ya Kiswahili, la `.po`, kama halipo, lianzishe. Litafsiri kwa Kiswahili ambacho mama yako angekisoma bila kuuliza, likompaili kwa `msgfmt` uone menyu zikibadilika kwenye skrini yako, kisha litume kwa wanaoitunza programu hiyo ili liingie katika pakeji ya toleo linalofuata.